Ukiingia duka la vyakula vya asili: kipi ununue, kipi ukiache

Wiki chache zilizopita tulipokea ujumbe wa simu kutoka kwa mama mmoja wa Ipinda. Kwa ufupi aliandika hivi: "Wanangu wa redioni, mtoto wangu anayeishi Dar ametuletea chumvi ya pinki kutoka duka la vyakula vya asili. Anasema hii tunayonunua hapa ina kemikali, tuitupe. Mkwe wangu ni mjamzito, miezi minne. Niitupe?"

Mama, shikamoo. Jibu fupi ni hili: usiitupe. Jibu refu ndilo lililotufanya tuandike makala hii, kwa sababu swali lako linafanana na mengine mengi tunayoyapokea, hasa miezi ambayo watu wameuza kakao na mfukoni kuna chochote. Msikilizaji amekwenda Mbeya, Dar es Salaam au Arusha, ameingia kwenye duka lenye kiyoyozi, rafu za mbao na chupa nzuri, kila kitu kimeandikwa "asili", na bei ni mara mbili au tatu ya sokoni. Anauliza: vina tofauti gani? Ninunue kipi?

Tuliamua kwenda kujionea wenyewe katika duka moja la namna hiyo Mbeya mjini. Tulikuta mchele wa Kyela kwenye mifuko ya kilo moja iliyofungwa utepe, mawese kwenye kichupa cha kioo, unga wa mlonge kwenye kopo dogo, asali za kila rangi, mbegu za chia, mafuta ya nazi na chokoleti. Mmoja wetu, aliyekulia Mwaya kwenye michikichi, alipoona bei ya yale mawese alicheka mpaka mlinzi akageuka kumtazama.

Hata hivyo, kucheka hakutoshi. Baadhi ya vitu mle ndani vina thamani ya bei yake, na baadhi ni vitu vya kwetu vilivyovalishwa tai. Vipo pia ambavyo, ukivitumia vibaya, vinaweza kukudhuru.

Unalipia nini hasa?

Chakula kikisifiwa kuwa ni "organic", yaani cha kilimo hai, maana yake ni kwamba kimelimwa bila mbolea za viwandani wala viuatilifu vya viwandani, na kwamba kuna mtu aliyekagua na kuandika hivyo. Hilo la pili ndilo linaloongeza bei. Mkulima wa Ngonga anayelima migomba yake bila kutia dawa yoyote analima kilimo hai, lakini hana karatasi. Duka linauza karatasi pamoja na ndizi. Ukilipa bei kubwa halafu ukakuta karatasi yenyewe haipo, umelipia utepe.

Tuweke wazi jambo lingine. Kilimo hai kinapunguza mabaki ya viuatilifu kwenye chakula, na hilo ni jema, hasa kwa mboga na matunda yanayoliwa na maganda yake. Hakimaanishi kwamba chakula kina vitamini nyingi kuliko kingine. Nyanya ya kilimo hai na nyanya ya kawaida zinakaribiana sana kwa virutubishi. Na sukari ya kilimo hai ni sukari.

Neno "natural" au "asilia" peke yake halithibitishi chochote. Yeyote mwenye mashine ya kuchapa lebo anaweza kuliandika. Vivyo hivyo maneno kama "ya bibi", "ya kijijini" na "safi asilimia 100".

Alama za kutafuta kwenye kifurushi

Ya kwanza ni alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Shirika hili lipo tangu mwaka 1975, na tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia pia usalama wa chakula, kazi iliyokuwa ikifanywa na TFDA. (Ukikuta kifurushi bado kinajivunia TFDA, jiulize kimekaa rafuni tangu lini, au lebo ilichapwa lini.) Alama ya TBS haisemi kwamba chakula ni cha kilimo hai. Inasema bidhaa imepimwa na kukidhi kiwango. Mboga mbichi, ndizi na matunda havihitaji alama hiyo, lakini unga, asali ya chupa, mafuta na siagi ya karanga tunataraji ziwe nayo.

Ya pili ni alama ya Kilimohai. Hii ni alama ya kilimo hai ya Afrika Mashariki nzima, inayotokana na kiwango cha pamoja kilichokubaliwa mwaka 2007. Kwa Tanzania inaratibiwa na TOAM, chama kinachounganisha wadau wa kilimo hai nchini. Mzalishaji huipata kwa njia mbili: anakaguliwa na taasisi ya nje, au wakulima wenyewe wanajiunga kwenye kikundi na kukaguana kwa utaratibu uliowekwa. Njia ya pili ni nafuu, na ndiyo inayowafaa watu wa vijijini.

Ya tatu utaiona kwenye bidhaa zinazotoka au zinazokwenda Ulaya: jani lililochorwa kwa nyota nyeupe kwenye kijani. Hiyo ni ngumu kuipata. Shamba la mazao ya msimu lazima lipitishe miaka 2 bila viuatilifu kabla ya kupanda, na mazao ya kudumu kama kakao ni miaka 3 kabla ya kuvuna, na ukaguzi hurudiwa kila mwaka.

Kuna na ile mistari myeusi yenye namba. Watu wengi wanaamini namba ikianza na 620 basi bidhaa imetengenezwa Tanzania. Si lazima. Inaonyesha kwamba kampuni ilisajili namba zake Tanzania. Asali inaweza kutoka kwingine ikafungashwa Dar na bado ikaanza na 620. Soma palipoandikwa imetengenezwa wapi.

Halafu pindua kifurushi usome viambato. Huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Kopo la kinywaji cha kakao likianza na neno sukari, umenunua sukari yenye harufu ya kakao.

Jambo la mwisho kuhusu lebo ni hesabu. Maduka haya yanapenda vifurushi vya gramu 200, 250, 400. Kifurushi cha gramu 400 kwa shilingi 6,000 kinaonekana cha kawaida mpaka utoe simu na kugawanya: ni shilingi 15,000 kwa kilo. Fanya hesabu hiyo kwa kila kitu. Haina aibu, wenye magari nje nao wanaifanya.

Chumvi: hapa usifanye mzaha

Turudi kwa mama yetu wa Ipinda. Chumvi ya pinki inayoitwa ya Himalaya huchimbwa Pakistani. Rangi yake inatokana na madini kidogo sana, hasa ya chuma, kiasi ambacho hakiwezi kumsaidia mtu kiafya kwa kijiko anachotia kwenye mboga. Ni chumvi nzuri ya kutazama. Tatizo ni kile ambacho mara nyingi haina: madini joto.

Ile "kemikali" iliyotiwa kwenye chumvi ya kawaida ya pakiti ndiyo madini joto. Neno kemikali limeonewa sana siku hizi. Madini joto ni chakula ambacho mwili unakihitaji kwa kiasi kidogo mno kila siku ili tezi ya shingo ifanye kazi. Yakikosekana, shingo huvimba, ndilo rovu ambalo wazee wetu wanalifahamu vizuri. Lakini rovu ndiyo sehemu inayoonekana tu. Mama mjamzito akiyakosa anaweza kuharibikiwa na mimba au kuzaa mtoto aliyefariki, na mtoto akizaliwa hai ubongo wake unaweza kuwa umedhurika kwa namna isiyorekebishika.

Nyanda za juu kusini zilikuwa miongoni mwa maeneo ya nchi yaliyoathirika zaidi. Mvua nyingi na milima huosha madini haya kutoka kwenye udongo, kwa hiyo hata mboga zetu hazina ya kutosha. Miaka ya 1980 Serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika sana, na miaka ya 1990 ikaweka sheria kwamba chumvi ya kula lazima itiwe madini joto. Ukimwona kijana wa leo hana uvimbe shingoni, sababu mojawapo ni chumvi ya duka la jirani.

Kwa hiyo, mama, chumvi ya kupikia chakula cha mkwe wako iwe ile ya pakiti iliyoandikwa "yenye madini joto". Iweke kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na mvuke wa jiko, kwa sababu madini hayo hupotea, na itie chakula kikikaribia kuiva. Hii ya pinki usiitupe nayo, mtoto amejitahidi. Nyunyiza juu ya parachichi au embe bichi ukiwa na wageni. Na kama kwenye pakiti ya pinki imeandikwa wazi kwamba imeongezwa madini joto, basi haina tatizo, ila umelipia rangi.

Kwa msingi huohuo, angalia unga. Sembe ya pakiti yenye nembo ya kuongezwa virutubishi ina madini ya chuma na asidi ya foliki, ambavyo mjamzito anavihitaji. Unga wa "asili" wa bei kubwa unaweza usiwe navyo. Dona ya mahindi yako mwenyewe ni nzuri kwa kuwa ina kiini na pumba, lakini haichukui nafasi ya vidonge anavyopewa kliniki.

Asili haizuii sumukuvu

Hili tunalisema mara nyingi hewani na tutaendelea. Sumukuvu hutokana na kuvu wanaoota kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine zikikaushwa vibaya au kuhifadhiwa kwenye unyevu. Kuvu hawa ni wa asili kabisa. Hawaulizi kama shamba lilitiwa mbolea ya dukani au samadi. Mwaka 2016 watu walifariki mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, mahindi ya mashambani mwao wenyewe. Sumu hiyo haiishi kwa kupika, na ukiila kidogo kidogo kwa miaka mingi inaleta saratani ya ini.

Kwa hiyo siagi ya karanga ya kopo lenye karatasi ya kahawia na maandishi ya mkono, isiyo na alama ya TBS wala tarehe, iache hata kama muuzaji anaapa. Vivyo hivyo unga wa lishe wa mtoto uliochanganywa nafaka saba na karanga. Kila aina inayoongezwa ni mlango mwingine wa sumukuvu kuingilia. Kama unataka uji wa mtoto, nunua karanga nzima, chambua, toa zilizokunjamana, zilizobadilika rangi na zenye ladha chungu, kisha saga kidogo kidogo. Kazi hiyo hakuna duka litakalokufanyia vizuri kuliko wewe.

Na kwa sisi huku kwenye joto na unyevu wa ziwa, tandika turubai unapoanika. Ardhi ya Kyela haikauki kirahisi.

Vya kwetu vilivyovalishwa tai

Mchele kwanza. Tulikuta mfuko umeandikwa kwa fahari kwamba mchele huo hauna gluteni. Ni kweli, kama ilivyo kweli kwamba samaki hana manyoya. Gluteni ni protini ya ngano, shayiri na jamii yake, na hakuna mchele duniani wenye gluteni. Inawahusu watu wachache ambao utumbo wao hauivumilii, na hao wanaweza kula mchele wowote. Chupa ya mafuta ya alizeti nayo imeandikwa haina kolesteroli. Hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli ya kuhesabika. Ukiona sifa ya namna hii, usiilipie hata shilingi.

Jina "Kyela" kwenye mfuko linatuuma zaidi. Wengi mmelalamika kwamba mchele unaouzwa mijini kwa jina letu umechanganywa na wa kwingine, na sisi tumewahi kupikiwa "wali wa Kyela" ambao haukuwa na harufu yoyote. Jina pekee si ushahidi. Tafuta mfuko unaotaja mashine au kampuni iliyokoboa na mahali ilipo, mwezi uliofungashwa, na ikiwezekana aina ya mpunga, kwa mfano Kilombero au Zambia. Ndiyo, majina hayo ni ya mahali pengine, lakini ni aina zinazolimwa hapa. Mchele wetu wa kunukia hupoteza harufu ukikaa sana, kwa hiyo mfuko wa mwaka juzi si dili.

Mchele wa kahawia, ule ambao haujakobolewa hadi ukawa mweupe, una nyuzinyuzi zaidi na unafaa, hasa kwa wenye kisukari, japo kiasi bado kihesabiwe. Usiununue kwa bei ya duka la Mbeya. Mwambie fundi wa mashine yako atoe ganda la nje tu. Ila jua kwamba pumba ile ina mafuta, hivyo mchele huo huchacha mapema. Koboa wa wiki chache, usijaze gunia.

Mawese yale ya kichupa ni yaleyale ya Kyela, au ndugu yake. Rangi nyekundu ndiyo mali yenyewe, kwa sababu inatokana na kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A, muhimu kwa macho ya watoto. Wapo wanaoyachemsha mpaka yawe meupe ili yasipake rangi chakula. Hapo wanachoma vitamini yote na kubakiza mafuta. Yatunze gizani, kwenye chombo kilichofungwa, na usikaangie mara tano tano.

Unga wa mlonge ni majani yaliyokaushwa kivulini na kutwangwa. Hatuna la kuongeza. Mbegu za chia ni nzuri, na ufuta ni mzuri vilevile.

Usipa hatukumkuta rafuni, na kwa maoni yetu huo ni upungufu wa duka. Palikuwa na makopo makubwa ya unga wa protini kutoka nje, bei yake inalipa nauli ya kosta kwenda na kurudi mara kadhaa. Usipa aliyekaushwa juu ya chanja, si kwenye mchanga, ana protini, na kwa kuwa analiwa na mifupa yake ana madini ya kujenga mifupa pia. Kama unaye Matema au Itungi kwa bei ya mwaloni, lile kopo la nini?

Asali tuiseme kwa kirefu kidogo kwa sababu imani ni nyingi. Asali kuganda si dalili ya kutiwa sukari, maana asali halisi nyingi huganda, hasa mahali pa baridi kama Mbeya. Iweke chupa kwenye maji ya vuguvugu itarudi. Kipimo cha kuwasha njiti ya kibiriti iliyochovywa asali, au kuidondosha kwenye maji, hakithibitishi usafi. Kinaweza kuonyesha wingi wa maji tu, na sukari iliyochemshwa nzito inafaulu mtihani huo bila shida. Asali ya nyuki wasiouma ni nyepesi na ina uchachu kwa asili yake, na huharibika mapema kuliko ya nyuki wakubwa. Hivyo usidhani imechakachuliwa, wala usinunue debe. Na asali yoyote, ya duka au ya mzinga wako, usimpe mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuzizuia, na sumu yake inalegeza misuli mpaka kupumua kunashindikana. Tunajua bibi zetu walitulambisha. Usimlambishe.

Chokoleti: zao letu linapotuuzia

Tumeiacha hii mwisho kwa sababu ndiyo iliyotuweka dukani muda mrefu.

Kakao ya Kyela ni kati ya bidhaa chache za wilaya yetu zenye karatasi halisi ya kilimo hai. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Biolands iliwaandikisha wakulima wa hapa kwa maelfu na kuuza kakao yao Ulaya ikiwa imethibitishwa. Haikuwa vigumu sana, kwa kuwa wengi hawakuwa wakitia dawa kwenye mikakao. Kazi ilikuwa kuandika: shamba la nani, miti mingapi, kilo ngapi, gunia limepita wapi.

Kuna pia kampuni ndogo ya Marekani, Askinosie Chocolate, ya mji wa Springfield jimboni Missouri. Hiyo ilikuja kununua moja kwa moja kwa vikundi vya wakulima wa Kyela, ikatengeneza chokoleti yenye asilimia 72 ya kakao na kuipa majina ya huku: Tenende, kisha Mababu. Hebu fikiria mtu wa Missouri akiwa dukani anasoma neno Mababu. Kampuni hiyo iliwahi pia kuuza mchele wa Kyela kule kwao ili faida ilipie chakula cha mchana cha wanafunzi wa Sekondari ya Mwaya. Wanaoinunua wanalipia mengi: ladha inayotokana na kakao iliyochachushwa siku tano au sita na kukaushwa vizuri, usagaji, sukari, karatasi, meli, kodi, pango la duka, na ile habari ya shamba ilikotoka. Mbegu zenyewe ni sehemu ndogo ya bei hiyo.

Tunalitaja hili si kulalamika. Mwaka 2024 bei ya kakao ilivuka dola 10,000 kwa tani katika soko la dunia, na minada ya stakabadhi ghalani hapa Kyela ilileta fedha ambazo wazee hawakuwahi kuziona. Baadaye bei ikashuka, kama tulivyojua ingefanya. Tunalitaja kwa sababu tumekutana na wakulima wenye miaka thelathini kwenye kakao ambao hawajawahi kuonja chokoleti nyeusi. Mtu anayeuza kitu bila kujua ladha yake hawezi kumbishia mnunuzi anayesema kakao yako haijachachuka.

Kwa hiyo katika duka lile, hiki ndicho kitu ambacho tungemshauri mkulima wa kakao akinunue walau mara moja, kipande kimoja, akagawane na familia. Chagua yenye asilimia 70 au zaidi. Kiambato cha kwanza kiwe kakao. Ukikuta mafuta mengine ya mimea yametajwa, ujue siagi ya kakao imepunguzwa. Sheria za Ulaya zinaruhusu hadi asilimia 5 ya mafuta hayo, na bidhaa za bei rahisi za kwingine huzidisha. Weka ulimini usitafune. Itakuwa chungu, halafu itabadilika. Ule uchachu wa matunda unaoupata katikati ndio unaotengenezwa pale unapofunika mbegu kwa majani ya mgomba na kuzigeuza.

Tahadhari moja ya safari. Mbeya ni baridi, Kyela iko chini, karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Chokoleti itakayopanda kosta ikiwa ngumu itashuka stendi ikiwa uji, tena mchana. Ifunge kwenye nguo katikati ya begi na usafiri asubuhi. Ikiganda tena na kuwa na vumbi jeupe juu, hilo ni siagi yake iliyopanda, si kuvu, na inalika.

Kwa wanaotaka kuuza badala ya kununua

Baada ya ziara tuliuliza muuzaji wa duka kama angechukua mawese au asali ya mtu wa Kyela. Alisema angechukua, akataja masharti: alama ya TBS, chombo kisichovuja, lebo yenye tarehe na namba ya toleo, na mzigo unaofika kila mwezi bila kukosa. La mwisho ndilo alilolikazia. Alisema watu huleta chupa nzuri ishirini, zinauzwa, wanapotea.

Kwa anayetaka kuanza, pita SIDO Mbeya. Wajasiriamali wadogo wanaotambulishwa na SIDO wamekuwa wakihudumiwa na TBS bila kulipia leseni ya alama kwa miaka ya mwanzo, na TBS ina ofisi ya kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapohapo Mbeya. Nenda na sampuli, jina la biashara, na maelezo ya mahali unapozalishia. Watakuja kupaona, kwa hiyo kama unakamulia mawese chini ya mwembe na kuku wanapita, anza na banda. Kwa vikundi vyenye mpunga au viungo vinavyotaka alama ya Kilimohai, anzeni na daftari: nani amepanda nini, wapi, ametumia nini shambani, amevuna kiasi gani. Daftari la msimu mmoja uliopita ni la thamani kubwa kuliko ahadi ya msimu ujao, na dawa ya magugu isikae chumba kimoja na magunia.